Stendi ya kamera: pesa ziende kwenye miguu au kwenye kichwa?

Mpiga picha za harusi akishalipia kamera na lenzi, stendi hununuliwa kwa chenji. Anachukua ya bei ya chini kabisa dukani, nyepesi, yenye kichwa kisichofunguka. Siku ya kazi bwana harusi anamvisha mwenzake pete, na video inatikisika. Tukio hilo halirudiwi, na mteja hataki kusikia habari za stendi.

Tatizo huanzia kwenye lenzi. Kwenye kamera ya fremu kamili, lenzi ya milimita 24 huona upana wa takribani nyuzi 74, lakini ya milimita 200 huona nyuzi 10 tu. Mtikisiko wa nyuzi 1, ambao kwenye lenzi pana ni mdogo, kwenye lenzi ndefu unahamisha sehemu ya kumi ya picha. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu pesa, jiulize lenzi yako ndefu kuliko zote ni ipi, kisha ipime pamoja na kamera. Yenye 70-200 ya f/2.8 hupita kilo 2 kwa urahisi. Uzito ulioandikwa kwenye boksi la stendi usiuamini sana, maana kila kiwanda hupima kwa namna yake. Tafuta inayodai kubeba angalau mara mbili ya mzigo wako.

Kwa bajeti ndogo, ushauri wetu ni miguu ya aluminiamu yenye vipande 3 badala ya 5, na juu iwe na skrubu ya inchi 3/8. Hiyo skrubu ndiyo itakayokuwezesha kubadilisha kichwa baadaye bila kununua stendi upya. Miguu ya kaboni ni myepesi, lakini ni ghali. Kama vifaa vyako husafiri kwa gari, tofauti hiyo ya bei ipeleke kwenye kichwa. Anayepanda bodaboda na mzigo mgongoni ana hesabu nyingine.

Kichwa hufuata kazi. Kwa picha mnato, cha gololi kinatosha: unalegeza kitasa kimoja, unaelekeza, unakaza. Kwa video hicho ni taabu, kwani ukikilegeza tu kamera inalala upande. Video inataka kichwa cha majimaji, ambacho grisi nzito iliyo ndani yake hufanya kamera igeuke polepole bila kukwama. Vipo vya bei rahisi vilivyopewa jina hilo ilhali ndani ni msuguano mtupu. Kigeuze taratibu, simama, achia mkono. Kikirudi nyuma kidogo, kiache dukani.

Urefu nao upime bila kuinua nguzo ya kati, kwa sababu ukiiinua, kamera inasimama juu ya mguu mmoja. Nenda dukani na kamera yako mwenyewe. Ifunge, vuta lenzi hadi mwisho, gonga mguu wa stendi kwa kidole huku ukitazama kioo. Kwenye stendi imara taswira hutulia mara moja. Jaribio hilo linafaa zaidi kwa stendi ya mtumba, ambayo huwa nafuu na mara nyingi imara kuliko mpya ya bei ileile, mradi vifungo vya miguu viwe bado vinakaza.

Ukitoka kupiga picha ufukweni, isuuze miguu kwa maji baridi yasiyo na chumvi kabla ya kuikunja, la sivyo mchanga utaingia kwenye vifungo hivyo.