Nadharia, Nadharia Tete na Kanuni

Baadhi ya wafasiri hutumia neno nadharia kwa kila wazo ambalo halijathibitishwa, na pengine huliongezea neno "tu". Matumizi hayo hupotosha maana, hasa katika maandishi yahusuyo asili ya binadamu. Yafaa basi istilahi zifuatazo zitenganishwe.

Jambo hakika ni lile lililoonekana au kupimwa. Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aligundua fuvu la Zinjanthropus huko Olduvai, Tanganyika. Mwaka 1961 upimaji wa majivu ya volkano ulionyesha kuwa umri wake ni miaka ipatayo milioni 1.75.

Nadharia tete ni jibu la muda, litolewalo ili lijaribiwe. Kwa kuwa zana za mawe zilipatikana pamoja na fuvu hilo, Louis Leakey alidhani kuwa Zinjanthropus ndiye aliyezitengeneza. Yalipopatikana hapo mabaki mengine, yaliyopewa jina la Homo habilis mwaka 1964, Leakey aliliacha jibu hilo na kumpa Homo habilis sifa hiyo.

Nadharia ni maelezo mapana yanayounganisha mambo hakika mengi na kuonyesha sababu zake, nayo hukubaliwa baada ya kujaribiwa mara nyingi. Mfano ni nadharia ya mageuko, aliyoieleza Charles Darwin katika kitabu chake cha mwaka 1859. Zinjanthropus alipovuliwa sifa ya ufundi, nadharia hiyo haikutikisika. Kilichoanguka ni nadharia tete moja. Mfasiri akiyaita yote mawili nadharia, mwanafunzi atadhani kuwa jengo zima limebomoka.

Kanuni hutaja jinsi jambo linavyotokea, bali nadharia hueleza kwa nini. Kanuni ya Boyle yasema kuwa halijoto isipobadilika, ujazo wa gesi hupungua kadiri kanieneo inavyozidi. Sababu yake huelezwa na nadharia ya mwendo wa chembe. Kwa hiyo nadharia haikui ikawa kanuni.

Limebaki neno uumbaji. Karl Popper alieleza mwaka 1934 kuwa kauli ya kisayansi ni ile iwezayo kukanushwa kwa ushahidi. Kauli juu ya Muumba haipimwi kwa mizani hiyo. Hivyo iitwe imani, wala kuiita hivyo si kuidharau. Mfasiri hakupewa kazi ya kuamua baina ya wasemaji. Amepewa kazi ya kuhakikisha kuwa kila mmoja anasikika akisema alilolisema.