Rufiji: maji yakijaa, ndoo hazijai

Masika yakikolea, kati ya Machi na Mei, Mto Rufiji huvimba na biashara ya samaki wake hunywea. Ukiuliza sokoni mbona fungu la perege limekonda na bei imepanda, jibu ni neno moja: maji. Mgeni hushangaa, maana kwake maji mengi ni samaki wengi. Ni kweli, ila si siku hiyohiyo.

Mto ukivunja kingo, samaki hutawanyika kwenye nyasi na mashamba yaliyofunikwa, kwenye wadudu, mbegu na mahali pa kutaga. Kambale ndiye hodari: usiku wa mvua kubwa hupanda hadi maji ya magotini akatage kwenye majani. Jarife lililobaki mkondo mkuu huvua magogo, likachanika. Mvuvi mjuzi huhamia pembezoni na ndoano yenye chambo cha nyungunyungu, kwa kuwa kambale hahitaji macho kwenye tope, sharubu zinamtosha.

Nchi kavu nako kuna hasara. Barabara hukatika, barafu haifiki, kuni za kukaushia zimelowa. Perege akishavuliwa anataka mnunuzi leo. Kambale huvuta hewa, hivyo hukaa hai saa kadhaa ndani ya beseni la maji kidogo, na mchuuzi hapotezi usingizi.

Mavuno huja maji yakishuka. Mabwawa ya asili kama Ruwe, Utunge na Zumbi, ambayo mafuriko huyaunganisha na mto, hubaki na kizazi kipya. Kwenye kifereji kinachorudisha maji mtoni, wavuvi husimamisha uzio wa fito, wakaacha uwazi mmoja na kuutegea mgono, mdomo ukitazama bwawani. Samaki anayeyafuata maji huingia kwa miguu yake, kama angekuwa nayo. Bei huporomoka, na anayepata faida ni mwenye jiko la moshi.

Hesabu hiyo sasa ina mshirika mwingine: bwawa la umeme la Julius Nyerere kwenye mto huohuo, la megawati 2,115, lililoanza kujazwa Desemba 2022. Bonde la Kilombero, linaloleta zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji, liko juu yake na mafuriko yake hayaguswi na mageti. Walio chini ya bwawa ndio wanaopokea maji yaliyopitia kwenye mitambo na mageti yake, japo Aprili 2024 yalifunika mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti.

Mjadala wa mageti umezungumzia umeme na makazi, na kwa haki. Samaki wamesahaulika, nao hawajali tu wingi wa maji, wanajali na mwendo wake. Mayai ya kambale huanguliwa kwa siku moja au mbili, lakini vifaranga huhitaji wiki kadhaa kwenye maji ya kina kifupi. Maji yakipanda Jumatatu na kushuka Ijumaa, vinabaki vikikauka kwenye nyasi, na nyavu zilizokopwa Machi hazina cha kuzilipia Julai.