Kizuri Hakijiuzi Mtandaoni

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ina ukweli wake sokoni, lakini katika mtandao wa kompyuta haina mashiko. Makala ya Kiswahili yaliyoandikwa kwa ufasaha yaweza kukaa humo miaka na mikaka bila kusomwa na yeyote, kwa sababu tu mwandishi alipuuza sarufi ya ukurasa wenyewe.

Sarufi hiyo huitwa HTML. Ni lugha ya alama iliyobuniwa na Mwingereza Tim Berners-Lee alipokuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN, karibu na mji wa Geneva. Maelezo yake ya kwanza yalitolewa mwaka wa 1991. Kazi yake ya msingi si kuremba maandishi, bali ni kueleza wajibu wa kila sehemu: hiki ni kichwa, hii ni aya, hii ni orodha. Toleo la tano, lililoidhinishwa mwaka wa 2014, liliongeza alama za makala na za sehemu zake. Mwanaisimu atatambua hapa jambo analolijua vyema, yaani tofauti baina ya umbo na uamilifu.

Tofauti hiyo si ya kinadharia tu. Mwalimu akiandika "Ngeli za Nomino" kwa herufi kubwa zilizokolezwa wino, jicho la mwanafunzi huona kichwa. Mtambo wa kutafutia hauna jicho hilo. Lakini akiyatia maneno hayo ndani ya alama ya h1, mtambo hupata kidokezo kwamba ukurasa wahusu ngeli. Hali huwa mbaya zaidi pale ambapo somo limepigwa picha, au maandishi yote huletwa na programu ya JavaScript baada ya ukurasa kufunguliwa. Baadhi ya mitambo huondoka mikono mitupu.

Isitoshe, kila ukurasa wapaswa kutaja lugha yake. Kiswahili hutambulishwa kwa herufi mbili, sw. Hata hivyo, si ajabu kukuta ukurasa wa Kiswahili umebeba en, yaani Kiingereza, kwa kuwa kiolezo kilichonakiliwa kilikuja nayo. Wanaoumia kwanza ni wanafunzi wasioona, ambao hutegemea programu za kusomewa kwa sauti. Programu ikidanganywa hivyo, huweza kuyatamka maneno yetu kwa matamshi ya Kiingereza, na somo likageuka kelele.

Wapo watakaodai kwamba hiyo ni kazi ya mafundi wa kompyuta. Siafikiani nao. Fundi asiyejua Kiswahili atatambuaje kichwa kidogo ni kipi na mfano ni upi katika somo la sarufi? Idara zetu hufundisha uakifishaji. Kutia alama hizi ni uakifishaji wa zama za mtandao, na saa chache za muhula zingetosha kuanzia. Tusipofanya hivyo, mwanafunzi atakayeuliza mtandaoni kuhusu ngeli atajibiwa na wengine, huenda kwa lugha nyingine, ilhali kazi ya mwalimu wake ipo papo hapo, imefichika.