Mboji Bora Huanzia Kwenye Kuchambua Taka



Majani yanayofagiliwa kila wiki katika viwanja vya kanisa, shule na zahanati mara nyingi huishia kuchomwa moto, huku kaya za jirani zikihangaika kupata mbolea. Katika toleo hili tunapenda kueleza namna parokia inavyoweza kugeuza taka za bustani kuwa mboji bora, na hasa namna ya kuzuia uchafu usiingie. Mfano wetu ni mkoa wa Kagera, ambako migomba na maharage ya kibanja hutegemea matandazo na samadi.

Namna ya kutengeneza

Mboji ni kazi ya vijidudu, navyo vinahitaji chakula, maji na hewa. Changanya takriban ndoo mbili au tatu za vitu vikavu (majani makavu ya migomba, mabua, nyasi kavu) na ndoo moja ya vitu vibichi (majani mabichi, maganda ya ndizi, samadi). Katakata vipande vifupi, panga tabaka kwa tabaka na nyunyizia maji. Lundo lifikie angalau mita 1 kwa urefu, upana na kimo, kwani lundo dogo halishiki joto.

Ndani ya siku chache joto la katikati hupanda hadi nyuzi 55 hadi 65 za Sentigredi. Joto hilo likidumu huua mbegu nyingi za magugu na vimelea vingi vya magonjwa. Pembeni hakupati joto hilo, ndiyo maana lundo hugeuzwa ili ya nje yaingie ndani. Chomeka fimbo ndefu katikati: ikitoka ya moto na yenye unyevu, kazi inaendelea vizuri. Ikitoka kavu, ongeza maji. Ikinuka uvundo, geuza na ongeza vitu vikavu. Baada ya miezi mitatu hadi minne mboji huwa nyeusi na yenye harufu ya udongo.

Uchafu wa kuepuka

1. Plastiki, vioo na betri. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, lakini vifungashio vingine bado vipo. Kioo kikishavunjika ndani ya lundo ni vigumu kukiondoa chote, na mkulima hushika mboji kwa mikono mitupu. Betri huacha metali zenye sumu ambazo haziozi.

2. Migomba yenye mnyauko wa bakteria. Ugonjwa huu uliripotiwa Kagera mwaka 2006 na huenezwa pia kwa mapanga. Usibebe wala kukatakata migomba hiyo kwa ajili ya lundo la pamoja.

3. Dawa za kuua magugu. Baadhi yake, kama klopiralidi na aminopiralidi, hubaki katika nyasi, na hata katika samadi ya ng'ombe aliyezila. Joto la lundo haliziondoi haraka. Maharage na nyanya huathirika kwa kiasi kidogo sana.

4. Kinyesi cha mbwa na paka, ambacho huweza kuwa na minyoo.

Kabla ya kugawa mboji, panda maharage katika makopo mawili: moja la udongo mtupu, jingine la udongo uliochanganywa na mboji. Baada ya wiki tatu, majani ya kopo la pili yakijikunja, msigawe mboji hiyo. Ni afadhali kaya ikose mboji msimu mmoja kuliko kupoteza maharage yake.

Kwa kamati na wafadhili

Kamati iteue mtu wa kupokea na kuchambua taka kabla hazijamwagwa. Kazi hiyo ndiyo inayostahili kuingia kwanza kwenye bajeti, pamoja na glavu, uma na chekeche. Nanyi wafadhili, tunawaomba msiulize tu tani ngapi zimetengenezwa. Ulizeni pia nani anachambua, na kama maharage ya majaribio yameota vizuri.