Chai bila sukari, mbona kipimo hakishuki? Tuangalie na mafuta

Mama mmoja wa Mbagala alitupigia simu tukiwa hewani. Ana kisukari. Chai anakunywa kavu, soda ameacha, ugali kapunguza, lakini kipimo bado kiko juu. Nikamuuliza anapikia mafuta gani. Akacheka: "Mwanangu, kwani mafuta nayo yana sukari?"

Hayana, ila yanagusa kazi ya insulini, homoni inayoziambia chembe za mwili zipokee sukari iliyo kwenye damu. Mafuta yakizidi hujazana hadi kwenye ini na misuli, na chembe za huko zinakuwa nzito kuitikia. Insulini inabisha hodi, mlango haufunguki. Mafuta ya tumboni nayo hutoa kemikali zinazoiweka kinga ya mwili macho muda wote, kana kwamba kuna kidonda kisichopona. Huo ndio uvimbe wa ndani. Hauumi wala hauonekani, lakini unazidi kuifanya insulini isisikike.

Aina ya mafuta ina uzito wake. Mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa watu 162 wenye afya, waliopangiwa chakula kwa miezi mitatu. Waliokula zaidi mafuta ya jamii inayoganda, mwitikio wao kwa insulini ulishuka kwa kama asilimia 10. Waliokula ya jamii ya zeituni hawakushuka. Ila waliokula mafuta mengi kupita kiasi hawakupata faida ya kubadili aina. Kwa hiyo kuhamia alizeti halafu ukaimimina bila kipimo si dawa.

Hapa kwetu yanayoganda ni mawese yale ya ndoo, samli, mafuta ya nyama, na (wenzangu wa Pwani mnisamehe) tui zito la nazi. Alizeti ni nafuu kwa mwili, na tafiti hazijathibitisha yale maneno kwamba inaleta uvimbe. Najua bei yake inauma. Basi nunua kidogo, upime kwa kijiko, na mengine chemsha badala ya kukaanga. Mafuta meusi yaliyokaangiwa chipsi tangu asubuhi, yaache.

Kuna mafuta ya samaki pia. Miaka ya 1990 watafiti walilinganisha wanakijiji wa Ludewa: waliokula samaki wa Ziwa Nyasa karibu kila siku, na wa milimani waliokula mboga na nafaka. Wa ziwani walikuwa na shinikizo la damu la chini na mafuta machache kwenye damu. Hawakuthibitisha kwamba samaki anatibu kisukari, tusivutane hapo. Lakini vibua na dagaa wa kuchemsha na nyanya si chakula cha kudharau.

Yule mama nilimwambia dawa asiache, na kliniki aulizie kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu, maana mafuta aliyobadili leo hayataonekana kwenye tone la damu la kesho asubuhi.