Siku saba juu ya Atlantiki: mambo yanayomngojea msafiri ndani ya pakebo ya mwisho

Jioni, bandarini Southampton, kusini mwa Uingereza, kamba nene zinafunguliwa moja moja. Honi inalia kwa sauti nzito inayoweza kusikika hadi umbali wa kilometa 16, na meli nyeusi yenye urefu wa mita 345 inaanza kuachana na gati polepole. Inaweza kubeba abiria karibu 2.700 na wafanyakazi zaidi ya 1.200. Kuanzia hapo hadi New York, kwa usiku saba, watu hao hawatashuka popote.

Meli hiyo ni Queen Mary 2, ya kampuni ya Cunard. Meli za kitalii ni nyingi duniani, na zingine ni kubwa kupita hiyo. Lakini Queen Mary 2 ndiyo peke yake inayoendelea na kazi ya zamani ya pakebo, maana yake meli ya abiria iliyojengwa ili kuvuka bahari kuu kwa ratiba, kutoka bara moja hadi lingine, iwe wakati wa jua au wa dhoruba. Cunard inafanya kazi hiyo tangu mwaka wa 1840, wakati meli yake ya kwanza, Britannia, ilipotoka Liverpool kwenda Halifax na Boston.

Kwa wakaaji wa mashariki mwa Kongo, bahari iko mbali, lakini pakebo si kitu kigeni kabisa. Kabla ya uhuru, meli za Compagnie Maritime Belge zilikuwa zikisafiri kati ya Anvers na Matadi, safari ya majuma mawili hivi. Majina yake yaliandikwa kwa herufi kubwa mbele: Albertville, Elisabethville, Jadotville, Baudouinville. Leo miji yenye kuitwa hivyo zamani ni Kalemie, Lubumbashi, Likasi na Moba. Miji ya Katanga ilizunguka baharini kwa majina, lakini watoto wa miji hiyo walipata nafasi ndogo sana ya kupanda. Kwenye meza na kwenye dansi walikaa Wabelgiji waliokuwa wakienda kazini au wakirudi likizo. Wakongo waliokuwa ndani, wengi wao walikuwa wafanyakazi.

Jadotville ilijengwa Saint-Nazaire, Ufaransa, na ikaanza kazi mwaka wa 1956. Haikudumu kwenye njia ya Matadi. Ndege zilikuwa zimeanza kuchukua abiria, kisha ukaja uhuru, na mwaka wa 1961 Jadotville na Baudouinville ziliuzwa kwa kampuni ya Kiingereza ya P&O. Zikapewa majina mapya, Chitral na Cathay, zikatumwa kwenye njia za Mashariki ya mbali.

Ni katika mji huohuo wa Saint-Nazaire ndimo Queen Mary 2 ilijengwa. Kazi hiyo ilikuwa na msiba wake. Novemba 2003, daraja la muda la kupandia melini lilianguka siku ambayo wafanyakazi na jamaa zao walikuja kuitembelea, na watu 16 wakafa. Miezi miwili baadaye, tarehe 8 Januari 2004, malkia Elizabeth II aliipa meli jina lake huko Southampton.

Safari yenyewe ndiyo inauzwa

Mtu anayenunua tiketi ya kuvuka Atlantiki anapaswa kujua jambo moja mapema: hakuna vituo njiani. Meli ya kitalii ya kawaida inalala usiku baharini na asubuhi inawashusha watu kwenye kisiwa, wanapiga picha, wananunua kofia, wanarudi. Hapa hakuna kisiwa. Wanaokuja na mawazo ya ufuko na mitende wanachoka siku ya tatu na kuanza kulalamika. Wanaokuja kwa kutaka kupumzika, kusoma, kula vizuri na kuangalia maji, hao ndio huwa wanarudi mwaka unaofuata.

Tofauti iko pia katika mwili wa meli. Atlantiki ya kaskazini ni bahari yenye hasira, zaidi wakati wa baridi. Ndiyo sababu pakebo ina pua ndefu na kali ya kukata mawimbi, chuma kizito kupita kile cha meli za kitalii, na tumbo linaloingia ndani ya maji mita 10 hivi. Inaweza kukimbia hadi kilometa 55 kwa saa, ingawa siku hizi inakwenda polepole zaidi ili kupunguza mafuta. Hata boti za kuokolea zimening'inizwa juu kuliko kawaida, mita 25 hivi kutoka majini, ili mawimbi makubwa yasizifikie.

Kuhusu boti hizo, kuna kitu kitakachomgusa kila msafiri wa Kivu au wa Tanganyika. Kabla mtu hajaonja chakula cha kwanza, anafundishwa jile ya kujiokoa. Alama ya hatari ni honi fupi saba na moja ndefu. Kila abiria, tajiri au wa kawaida, anakwenda mahali pake pa kukusanyika na anaonyeshwa namna ya kuvaa jile. Majina yanahakikishwa. Asiyefika anatafutwa.

Sheria hiyo ilizaliwa kutokana na vifo. Titanic ilitoka bandari hiyohiyo ya Southampton tarehe 10 Aprili 1912, ikiwa na boti za kutosha nusu tu ya watu waliokuwa ndani. Watu karibu 1.500 walikufa, na mwaka wa 1914 inchi mbalimbali zilipatana juu ya sheria za kwanza za kimataifa za usalama baharini. Kwenye maziwa ya Kongo, hesabu ya watu na jile bado ni jambo la kubishania gatini. Oktoba 2024, boti Merdi, iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kipimo, ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, mbele ya macho ya watu. Baadhi ya abiria wa Queen Mary 2 hunung'unika kwa sababu zoezi linawachelewesha kwenda baa. Mtu wa Goma hangenung'unika.

Tumbo, chai na kravati

Usiku wa pili au wa tatu, meli inaanza kuyumba. Ina mapezi chini ya maji yanayotulizia mwendo, lakini bahari ni bahari. Wanaojua wanachagua chumba cha katikati, kwenye ngazi za chini, kwa sababu huko mtikisiko ni mdogo. Kitandani mtu anasikia mbao na vyuma vikilia polepole kama mlango wa zamani. Tangawizi inasaidia, na pia kula kidogo badala ya kukaa na njaa. Kuangalia mbali, mahali ambapo maji yanakutana na mbingu, kunasaidia zaidi kuliko kujifungia chumbani.

Siku za baharini zina utaratibu wake. Jioni, karatasi ya programu ya kesho inaletwa chumbani. Asubuhi kuna mafundisho ya wataalamu juu ya historia, nyota au siasa. Kuna chumba cha kuangalia nyota kwenye dari, cha kwanza kujengwa ndani ya meli, na biblioteki yenye maelfu ya vitabu na viti vinavyotazama mbele, kule meli inakokwenda. Nje, kwenye sakafu ya mbao inayozunguka meli, watu wanatembea wakipigana na upepo. Mizunguko mitatu inakaribia kilometa mbili. Saa sita mchana kapiteni anazungumza katika vipaza sauti: meli iko wapi, upepo ni wa namna gani, kina cha maji ni kiasi gani. Ni habari fupi, lakini watu wanaacha kuzungumza ili kusikiliza.

Saa tisa na nusu ni saa ya chai. Wahudumu wanaingia kwenye ukumbi mkubwa wa dansi wakiwa na glavu nyeupe, wakibeba mabirika, mikate midogo iliyokatwa pembe na keki. Muziki unapigwa polepole. Mtu anaweza kucheka mambo haya ya Kiingereza, lakini siku ya nne atajikuta ameangalia saa tangu saa nane.

Mbwa pia wanasafiri. Meli ina vyumba 24 vya wanyama, na kwenye uwanja wao wa kutembea kuna mlingoti wa taa wa Kiingereza na bomba la maji la wazimamoto wa Marekani, ili kila mbwa ajisaidie kwa desturi ya kwao.

Jioni inataka nguo. Baada ya saa kumi na mbili, wanaume wanavaa koti katika sehemu nyingi za meli, na siku za sherehe wanavaa suti nyeusi na kravati ya kipepeo, wanawake magauni marefu. Waskoti wanavaa sketi yao ya asili bila aibu. Hapa Wakongo hawana cha kuogopa: kwa mtu wa sape, ni jukwaa lililokwisha tayarishwa, na kikwembe kilichoshonwa vizuri kinakaa sawa kabisa katikati ya magauni hayo. Asiyependa kujipamba ana sehemu chache za kula na kukaa bila koti, lakini basi angejiuliza kwa nini alichagua meli hii.

Ukumbi wa dansi una bendi. Kampuni inaajiri wanaume wanaojua kucheza ili wanawake waliokuja peke yao wasikose mwenzi wa dansi, na kazi yao inaishia hapo. Rumba inayopigwa ni ile ya mashindano ya Ulaya. Mtu wa Kinshasa au wa Lubumbashi atahitaji dakika kadhaa kuitambua.

Jambo moja halisemwi sana kwenye matangazo. Madaraja ya zamani hayajakufa. Mahali mtu anapokula kunategemea chumba alicholipia: wenye vyumba vikubwa kabisa wanakula Queens Grill, wanaofuata wanakula Princess Grill, na wengi wanakula katika restorani kubwa ya Britannia. Mlango wa Grill haufunguki kwa asiye wa Grill. Hata hivyo, ukumbi wa dansi, biblioteki, ukumbi wa maonyesho na upepo wa nje ni vya wote, jambo ambalo abiria wa daraja la tatu wa miaka ya 1920 hakuliona. Na chakula cha Britannia ni kizuri. Aliyekosa feza za Grill anakosa zaidi nafasi na utulivu kuliko ladha. Vinywaji na intaneti kwa kawaida vinalipwa kando, na malipo ya huduma yanaweza kuongezwa kwenye hesabu siku kwa siku. Afadhali kuuliza hayo kabla ya kuondoka, si usiku wa mwisho.

Saa inayoongezeka

Mkongo anajua kwamba Goma na Kinshasa zina tofauti ya saa moja. Kati ya Southampton na New York tofauti ni saa tano, na ndege humtupia mtu hizo zote kwa mara moja. Meli inazigawanya. Ikienda magharibi, usiku tano kati ya saba saa zinarudishwa nyuma kwa saa moja, na siku inakuwa na saa 25. Watu wanalala zaidi, wanafika bila uchovu. Kurudi ni kinyume: saa inasukumwa mbele, na kila mmoja anashangaa mchana umekwenda wapi.

Karibu na pwani ya Newfoundland mara nyingi ukungu unafunga kila kitu. Honi inalia angalau kila dakika mbili, mchana na usiku, kuonya meli zingine. Honi mojawapo ilitolewa kwenye Queen Mary ya kwanza, ile ya mwaka wa 1936 ambayo leo ni hoteli huko Long Beach, California. Ni katika eneo hilo pia ambamo Titanic imelala, chini ya maji ya kina cha mita 3.800 hivi. Hakuna alama ya kuonyesha mahali, na meli haisimami. Lakini abiria kadhaa hutoka nje na kusimama kwenye ukingo, bila kuzungumza.

Kwa msafiri mwenye pasiporti ya Kongo, kazi ngumu iko kabla ya bahari. Anahitaji viza ya Uingereza ili kufika Southampton, na viza ya Marekani iwe tayari ndani ya pasiporti kabla ya kupanda, kwa sababu kampuni haimpokei asiye na karatasi za kule anakokwenda. Kusafiri kwa maji hakupunguzi masharti hayo hata kidogo.

Usiku wa mwisho masanduku yanawekwa nje ya milango. Saa kumi alfajiri watu wameshapanda juu, wamevaa makoti, wakingoja daraja la Verrazzano. Bomba la moshi la meli lilifupishwa kwenye michoro ili lipite chini ya daraja hilo, na mita zinazobaki ni chache sana. Kila mara kuna mtu anayeinamisha kichwa. Kisha sanamu ya Uhuru inaonekana na taa zake, na pembeni kisiwa cha Ellis, ambako watu zaidi ya milioni 12 waliokuja kwa meli walikaguliwa kati ya 1892 na 1954, wengi wao wakiwa wamesafiri sehemu za chini kabisa, bila chai wala dansi.

Meli inafunga kamba Brooklyn kunapoanza kupambazuka. Abiria wanashuka kwa vikundi, shuka zinabadilishwa, chakula kipya kinapakiwa, na jioni hiyohiyo inageuza pua kuelekea mashariki.