Kasi ya diski isihatarishe kumbukumbu za mauzo ya madini
Tangu Soko la Madini Geita lilipozinduliwa Machi 2019, wachimbaji wadogo wamekuwa wakiuza dhahabu yao mahali pa wazi, na mrabaha wa Serikali hukokotolewa hapo hapo. Masoko kama hayo yapo pia mkoani Shinyanga. Taarifa ya mauzo ikipotea, mchimbaji hukosa uthibitisho na Serikali hukosa mapato.

Taarifa za namna hiyo zinapohifadhiwa katika seva kadhaa zilizounganishwa, diski huweza kuharakisha kazi kwa kutumia kache: hupokea data katika kumbukumbu ya muda na kutoa jibu kuwa imeandikwa, kabla haijafika kwenye sahani za sumaku. Umeme ukikatika wakati huo, data hiyo hupotea. Hata nakala tatu zaweza kupotea pamoja iwapo seva zote zinategemea chanzo kimoja cha umeme.

Kwa hiyo, kache iwashwe pale tu ambapo programu ya hifadhi huiamuru diski kuandika data yote kabla ya kuthibitisha muamala, diski huitii amri hiyo, na nakala zimegawanywa katika vyanzo tofauti vya umeme. Masharti hayo yathibitishwe kwa majaribio; vinginevyo, kache izimwe.